Maji ya Wageni

Miaka ishirini na saba Sufiani Mkude alikuwa akifungua na kufunga valvu za maji za mji. Mtaa wa Bigwa juu, mlimani alikoishi mwenyewe, maji yalikuwa ya Jumanne tu. Siku nyingine bomba lilikohoa hewa, watu wakashika njia ya mtoni.

Wakaja wataalamu na injinia wao, Godfrey, kuuingiza mtandao wote wa mabomba kwenye kompyuta, ili kompyuta ndiyo ipange nani apate maji lini. Walipita wakipima presha bomba kwa bomba. Bigwa juu walipanda Alhamisi. Sasa Sufiani, mtu aliyelelewa akaleleka, angeachaje mgeni akute bomba kavu? Alfajiri akafungua valvu. Godfrey akanawa uso, akasifu maji ya mlimani, akaandika namba zake.

Baada ya miezi miwili ramani ikabandikwa ofisini. Bigwa juu buluu tupu, eti maji tele kila siku. Basi Jumanne yao ikahamishiwa mtaa wa Kingolwira.

Sufiani aliichukia ile buluu, lakini zaidi alijichukia mwenyewe, na adabu zake za kijinga. Akamfuata Godfrey, akamweleza yote.

"Mzee wangu, ripoti imeshapokelewa," Godfrey alisema, macho kwenye simu. "Labda uandike mwenyewe kwamba ulifungua nje ya zamu. Ila hapo kazi huna, unajua."

Alibakiza miezi mitano astaafu. Akaandika kwa mkono wake, akatia sahihi. Walimsimamisha siku ileile. Potelea mbali, ilimradi walikubali kupima upya.

Siku ya kupima aliwahi mapema, akasimama bombani. Jirani yake Mwanvita alishapanga ndoo tupu uani, zionekane vizuri. Godfrey akafika, akafungua. Maji yakamrukia mpaka viatuni.

"Mbona yapo, mzee?" akasema, akaandika.

Sufiani aliteremka moja kwa moja hadi kwenye valvu. Akamkuta Mikaeli, kijana aliyerithi kazi yake, anajifuta jasho huku anatabasamu.

"Shikamoo, mzee. Nilisikia wageni wanapanda kwenu. Ningewaachaje wakute bomba kavu?"

Sufiani akatema mate pembeni, akageuka kurudi mlimani. Shikamoo ile hakuiitikia.