Sababu ya Kuchelewa

Nilikuwa bomani Lindi nikingoja leseni ya baiskeli. Mbele yangu alisimama mama mmoja wa Mitwero, ameleta rufaa ya mwanawe aliyefungwa miaka mitatu. Karani alitazama tarehe ya hukumu, akahesabu kwa vidole.

“Mama, rufaa ni siku thelathini. Hapa zimepita zaidi ya mia.”

“Baba yake alifariki wiki ile ile ya hukumu. Nilikaa eda, sikutoka nje mpaka jana.”

“Hukuwa na mwanamume wa kumtuma?”

“Ndiye huyo mliyemfunga.”

Karani, Mwislamu mwenzetu, akaifuta nibu ya kalamu taratibu. Kisha akainama. “Jaji ni Mzungu, yuko Dar es Salaam, eda haijui. Niandike ulikuwa mgonjwa. Ugonjwa wanaukubali.”

Mama akaweka kiganja juu ya karatasi. “Sikuumwa, mwanangu. Nilikuwa namkalia mume wangu eda. Andika hivyo.”

Akaandika.

Juzi nilirudi kuchukua leseni, nikamkuta mama yule yule. Karani alikuwa akimsomea jibu la Mahakama Kuu bila kuinua macho: rufaa imekataliwa kwa kuchelewa, na mwombaji hakutoa sababu yoyote.

“Eda uliiandika?” mama akauliza.

“Niliiandika, mama.”

Akaikunja karatasi, akaitia kwenye pindo la kanga, akaaga.

Wakubwa wa boma hulalamika kwamba watu wetu hawajui kuhesabu siku. Mama huyu alihesabu miezi minne na siku kumi za eda, wala hakupunguza hata moja.