Siku Seva Iliposhiba Picha za Akina Mama

Semeni tu, nimeshazoea: ndiyo, mimi ndiye niliyegandisha seva ya ushirika wa maziwa pale Ngaramtoni mbele ya mchungaji, diwani na akina mama wote waliokuja na ndoo zao, na bado natembea kifua mbele. Nina diploma ya kompyuta ya Bangalore, ada nilijilipia mwenyewe kwa kuuza mitumba, sikubebwa na mjomba wala na chama, na niliporudi Arusha, biashara huria imepamba moto na kila mwenye ofisi anataka kompyuta, watu wa kupanga seva ikapangika (waliokuwepo waniwie radhi) walikuwa wa kutafuta kwa tochi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Seva inakaa Ngaramtoni, maziwa yanakopokelewa, nami nimeweka programu ya kunasa mabadiliko: mama akileta lita zake, programu inaandika ilivyokuwa kabla na ilivyo sasa, halafu inasukuma habari hiyo kwa laini ya simu mpaka ofisi ya mjini. Mwenyekiti, Mzee Elifuraha, aliniahidi kwamba uzinduzi ukienda vizuri nitapewa vituo vyote vya maziwa vinavyouzunguka Mlima Meru, ukiharibika anamwita jamaa wa Dar. Sasa, wakati wa kuipanga, programu ikaniuliza inase nini, maziwa tu au kila kitu, nikachagua kila kitu, maana mimi si mtu wa nusunusu, na kumbukumbu zake zote nikazielekeza kwenye diski ileile inayoendesha seva (ilikuwa na nafasi tele, jamani, niliiangalia kwa macho yangu).

Sikuwafikiria akina mama. Kila mwanachama ana picha yake ndani ya kompyuta, tuliwapiga wakitoka shambani, na siku ya uzinduzi wamekuja na vitenge vipya, nywele zimesukwa. Mama Naserian alipoiona sura yake kwenye skrini akapiga kelele, "Ero, kijana, huyu ni nani? Mchungaji anione na matope? Nipige nyingine!" Nikampiga, ningekataaje mbele ya wageni, wa pili naye akataka, wa tatu akasema amefumba macho arudiwe, foleni ikazunguka jengo, na programu yangu tiifu inahifadhi picha ya zamani na mpya ya kila mmoja, laini ya simu inazivuta kama konokono, na zisipofika mjini hazifutiki.

Mchungaji alipomaliza kuomba, Mzee Elifuraha akabonyeza kitufe kupokea ndoo ya kwanza. Wapi! Diski imejaa pomoni, seva imeganda, hata kipanya hakisogei. Na mwenyekiti alishatangaza kwamba siku hiyo tone haliingii kwenye tangi la baridi kabla kompyuta haijalipokea.

"Imekuwaje?"

"Inafikiri, mzee wangu."

"Inafikiri nini? Maziwa yako juani!"

"Huko India alisomea kupiga picha huyu," diwani akadakia, na uwanja mzima ukaangua kicheko.

Sikukimbia. Nilivua koti, nikaizima seva kwa nguvu, nikaiwasha, nikafuta lile rundo la picha, nikaiamuru programu inase maziwa peke yake, nikang'oa diski kwenye kompyuta yangu mwenyewe nikaifanya makao ya kumbukumbu, huku nikiapa kwamba hazitalala tena diski moja na seva. Jua lilikuwa limeinama ndoo zilipoanza kupokelewa. Ya Mama Naserian, iliyokuwa ya kwanza kwenye foleni, ilikuwa imeshachacha.

"Vituo nitakupa," Mzee Elifuraha akasema, "maana umeirekebisha mbele yangu. Lakini haya maziwa nani atayanywa?"

Mama Naserian hakungoja jibu. Alichota kikombe kikubwa akaninyooshea, watu wote wakitazama.

"Kunywa, mwanangu. Hii ni kazi ya mikono yako."

Nikanywa mpaka chini, mabonge na yote, nikamrudishia kikombe nimesimama wima.

"Ongeza, mama."