Maji ya Ubatizo Yalipotugawa

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hata nikizeeka nikasahau jina langu naamini nitaikumbuka. Nilikuwa binti wa miaka kumi na sita. Tuliishi Al Baraha, mtaa wa huku ugenini kwa Waarabu, chumba kimoja katika fleti tuliyochangia na familia nyingine. Kabla hatujaanza kula, niliwaambia wazazi wangu kwamba nataka kubatizwa. Nilitegemea vigelegele. Badala yake baba alifungua Matendo ya Mitume, mama akafungua Mathayo, na chakula kikapoa mezani.

Nikueleze kidogo, maana nyinyi vijana mnadhani walokole wote ni wamoja. Baba yangu alikuwa dereva, mtu wa Mbeya, na kwao walibatiza kwa jina la Yesu pekee. Ibada yao ilikuwa ya utulivu, wanawake wamefunga vitambaa, hereni hakuna. Mama alikuwa mshonaji kutoka Kakamega. Kwao walibatiza kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, tena kwa ngoma, na mama yangu akishikwa na wimbo ilibidi usogeze viti. Wote wawili walinena kwa lugha, wote walifunga, wote waliamini uponyaji. Siku ya ibada kila mmoja alikwenda kwao, nami wiki hii nilifuatana na baba, wiki ijayo na mama. Kwa baba nilijifunza kunyamaza mbele za Mungu, kwa mama nikajifunza kufurahi. Nilipenda kote kuwili.

Ila ubatizo hauna wiki hii na wiki ijayo.

"Huko kwa mama yako ni kuoga tu," baba alisema.

"Haya, mimi nimeoga," mama akajibu. "Lakini hayo majina matatu Yesu mwenyewe ndiye aliyeyataja. Ama na yeye utamsahihisha, Baba Rehema?"

Waligombana kwa kunong'ona, kwa sababu upande wa pili wa ukuta watoto wa watu walikuwa wamelala. Kesho yake hawakuomba pamoja. Hilo ndilo lililoniumiza, mwanangu, kwa sababu tangu nipate akili niliamshwa na sauti zao mbili alfajiri, kabla baba hajashuka ngazi kwenda kwenye gari lake la kazi. Siku zikapita hivyo hivyo. Nikaona nyumba yetu inavunjika na mimi ndiye niliyeileta nyundo. Nikawaambia, "Khalas, basi yaishe, sibatizwi tena." Hakuna aliyefurahi.

Kulikuwa na Mganda mmoja mtu mzima, Mama Apio, yaya katika nyumba ya madam fulani. Siku yake ya mapumziko alizoea kuja kwetu. Siku hiyo aliona watu hawaangaliani, akanivuta jikoni, nami nikamwaga yote. Akarudi chumbani, akakaa, akakataa hata chai.

"Baba Rehema, ulipoumwa ule mgongo, nani alikuombea?"

"Huyu mke wangu."

"Ukapona?"

"Nilipona, Mama Apio."

"Sasa hiyo maombi ya mtu aliyeoga tu, ilifika namna gani?"

Mama akaanza kucheka. Mama Apio akamgeukia. "Wewe usicheke. Ulipokosa kazi ukawa unalia hapa, nani alifunga kwa ajili yako? Leo ndiyo umeona hajui maandiko?"

Kisha akaniangalia mimi. "Na wewe mtoto, usijifanye mpatanishi. Ukimwacha Yesu ili hawa wapatane, watakuwa wamepatana juu ya nini? Soma, uamue, uwaambie kwa heshima."

Nikasoma. Nikaamua njia ya mama. Nikamwambia baba. Alisema, "Nimesikia," akachukua ufunguo wa gari akatoka. Siku ya ubatizo akasema ana kazi.

Nilibatizwa juu ya paa la villa, ile nyumba kubwa ambamo kanisa la mama lilikuwa likisali, ndani ya bwawa la plastiki la watoto, lile la kujaza upepo, limechorwa samaki. Ilikuwa Agosti na maji ya tangi yalikuwa ya moto. Mama akanitania kwamba nitatoka nimeiva. Mimi sikucheka. Nilikuwa nautazama mlango wa ngazi tu. Mchungaji alikuwa ameshaweka mkono kichwani kwangu mlango ulipofunguka. Baba, na sare yake ya kazi, taulo begani. Hakupiga makofi, hakuimba, alisimama peke yake ukutani. Nilipoinuka akaja akanifunika, akasema, "Amina." Nililia vibaya sana, mwanangu, na mpaka leo sioni aibu.

Usidhani alibadilika. Mpaka anazikwa baba yangu aliamini nilibatizwa vibaya, na mpaka anazikwa hakuacha kuniombea alfajiri, yeye na mama, sauti mbili kama zamani.

Nimekusimulia haya kwa sababu nimesikia umeacha kumsalimia dada yako, eti kanisa lake jipya la mtaa wa Al Muraqqabat linaombea watu kwa mafuta. Usiyakubali mafuta kama huyaamini. Mwambie wazi, fungueni Biblia, bishaneni mpaka chai ipoe. Lakini usiondoke kabla hujamshika mkono mkaomba. Akiumwa, mwombee, nawe ukiumwa mwache akuombee na mafuta yake. Huku ugenini tumebaki wachache, na ndugu yako ni huyohuyo.

Nenda sasa, mwanangu, kabla hajaingia zamu. Mungu wa baba yangu na Mungu wa mama yangu, ambaye katika maisha yangu yote nimemkuta ni mmoja, akufungulie mlango wa dada yako, na awasikie nyote wawili.