Siku Nilipowavaa Jirani Zetu

Nakumbuka siku ile kama mtu anavyokumbuka mahali alipojikwaa, mwanangu. Usicheke nikikuita hivyo. Mvi bado sina, na elimu yangu ni darasa la saba, lakini wewe umeingia kwenye kikundi chetu cha sanaa juzi tu, na mimi nimeshaanguka kwenye mashimo ambayo hujayafikia. Aliyetangulia kuanguka ana haki ya kusema, angalia hapo.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, namsaidia shangazi dukani Dongobesh, na ndoto zangu zilikuwa kubwa kuliko duka lenyewe. Nilitaka vikundi vya sanaa vya huku kwetu vishikane mikono. Sisi wa Dongobesh tulikuwa na maigizo. Maretadu walikuwepo akina mama wa ngoma, Bashay vijana wa filimbi. Na kule chini, uwanda wa Basotu upande wa Hanang, walikuwepo wanawake wafugaji, Wabarabaig, ambao wakiimba na kuruka unasahau hata ulichotumwa. Kila kikundi kilicheza peke yake kijijini kwake, kikachoka, kikafa. Nikasema tukiwa pamoja hatutakufa. Mkono mmoja haulei mwana.

Nikapanda pikipiki mpaka kwa wafugaji, nikaongea na mama mzee aliyeongoza nyimbo zao, Mama Gidahoda. Alinisikiliza kupitia mke wa mwanawe anayejua Kiswahili, akaninywesha maziwa, akasema watakuja. Tukapanga mazoezi ya pamoja Maretadu, kwenye uwanja wa shule, halafu onyesho Bashay.

Mazoezi ya kwanza hawakuja. Ya pili hawakuja. Kumbe ulikuwa ukame, wamehamisha ng'ombe mbali kufuata maji. Mimi sikuuliza. Kuuliza si ujinga, lakini mwenye haraka huona ni kupoteza muda. Safari, mwenzangu wa maigizo, mcheshi asiyechoka, akasema:

"Hawa Mang'ati hawaji, dada. Tuwaigize wenyewe. Kuruka nani hajui?"

Jina hilo la Mang'ati, mwanangu, wenyewe hawalipendi. Sikumkemea. Badala yake nilikwenda mnadani nikanunua sketi ya ngozi, kuukuu, yenye nyuzi nyingi za kuning'inia, ile wanayovaa wanawake wao walioolewa. Muuzaji alisema ameipata kwa mtu mwenye shida. Hapo pia sikuuliza.

Mazoezi ya tatu nikaivaa juu ya suruali yangu. Nikaruka, nikaimba kwa sauti ya puani, maneno ya kujitungia tu. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mama mmoja wa Maretadu ndiye hakucheka. Alisema taratibu, "Hiyo nguo ina mwenyewe, binti." Nilimsikia vizuri. Lakini kicheko cha watu kitamu, acha kabisa.

Ghafla kicheko kikakatika. Nikageuka. Wanawake saba walikuwa wamesimama pembeni ya uwanja, vumbi mpaka magotini. Walikuwa wametembea tangu jana yake, wakalala njiani, ili watimize ahadi. Mama Gidahoda alikuwa mbele. Hakunitazama usoni, aliitazama ile sketi. Kisha akageuka, na wenzake wakageuka.

"Waite!" Safari akaninong'oneza.

"Niwaite nikisema nini?"

Akina mama wa Maretadu nao wakaanza kufunga ngoma zao, na wengine wote wakatawanyika. Yule aliyenionya akaniambia, "Leo wamevaliwa wao. Kesho tutavaliwa sisi." Jua halijafika utosini, na kile nilichokijenga kwa miezi kilikuwa kimebaki mimi na Safari.

Siku ya tatu nikashuka uwandani peke yangu, sketi nimeifunga kwenye kitambaa safi. Kwao jambo likimgusa mwanamke, wanawake hukaa kikao chao, na wanaume hawasogei. Nikawakuta wamekaa. Nikatoa shikamoo, na aliyeitikia marahaba ni mmoja tu. Yule mkwe wa Mama Gidahoda akawa ananitafsiria tena.

"Mwanaume angetutolea ng'ombe wa faini," alisema Mama Gidahoda. "Wewe una ng'ombe wangapi?"

"Sina, mama. Nina kuku watatu."

Mmoja akaficha kicheko kwenye shuka. Mzee hakucheka.

"Mwanamke akivaa nguo hii, hata mgomvi anashusha fimbo. Wewe ulirukaruka ndani yake kama panzi. Hatukatai kucheza na wewe. Tunakataa kuvaliwa." Akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza. "Haya, simama. Tuimbie cha kwenu. Cha bibi yako."

Nikasimama. Mwanangu, hakuna kitu. Kwaya nilijua. Nyimbo za kwenye simu nilijua zote. Lakini wimbo wa bibi yangu, aliyekuwa hai na mzima pale Maretadu, sikuwa nao hata mstari mmoja.

"Kumbe," akasema, na sauti yake sasa ilikuwa laini, jambo lililoniumiza zaidi. "Ulivaa ya kwetu kwa sababu uko uchi."

Nguo ya kuazima haisitiri matako. Methali hiyo niliikariri shuleni. Siku ile ndiyo niliielewa, na matako yenyewe yakiwa shahidi.

Sketi wakaichukua. Wakaniambia nirudi nikiwa na wimbo. Nikaenda kwa bibi, naye akanishangaa: "Miaka yote hujaniuliza, leo umeumwa na nini?" Nikakaa naye tukipura maharage, akanifundisha wimbo wao wa kupura. Niliporudi uwandani niliuimba, ubeti wa pili ukanipotea, wakanipigia makofi mpaka nikaupata. Mama Gidahoda hakusema amenisamehe. Alisema, "Maji yakirudi, tutakuja."

Tukaahirisha onyesho mpaka mvua. Vijana wa Bashay walinung'unika, wawili wakaondoka kabisa. Akina mama wa Maretadu waliposikia wenzao wanakuja, wakafungua ngoma. Wafugaji walikuja watano, wakiongozwa na yule mkwe. Mama Gidahoda mwenyewe hakuja, wala hajaja mpaka leo. Sehemu hiyo ya kosa langu haijapona, nami sitakudanganya kwamba imepona.

Basi sikia. Unataka kuunganisha watu wa sanaa, na ni vizuri. Lakini mtu asipokuja, usikimbilie kujaza nafasi yake. Mfuate umuulize, pengine yuko njiani na miguu inamuuma. Nafasi yake iache wazi, hata onyesho likionekana na pengo. Pengo lina heshima kuliko uongo. Na kabla hujagusa cha jirani, kaa kwanza na bibi yako, maana watu hawaunganiki na mtu aliyekuja mikono mitupu. Jina baya la watu likitajwa mbele yako, usinyamaze. Mimi nilianza kuanguka pale, kabla hata ya kufika mnadani.

Nenda, mwanangu. Mvua ikukute umeshapanda. Ukipiga hodi kwa watu, wakuitikie kabla hujarudia mara ya pili. Njia ya kwenda kwao iwe fupi miguuni mwako, na ya kurudi ikukute na wa kukusindikiza. Mungu akutunze.