Majuma Matatu ya Loveness

Ukiumwa huku kwetu Masama utapelekwa zahanati, na ukifika zahanati utakutana na Nesi Loveness. Utamtambua upesi. Kila baada ya muda kidogo anatoka chumba cha sindano, anasimama mbele ya benchi la wagonjwa, anasema, "Baba, sijakusahau. Mama mwenye mtoto, wewe ni wa tatu." Halafu anarudi ndani. Foleni haijasogea hata kidogo, lakini watu wanapumua.

Mimi nilikaa kwenye benchi hilo wiki mbili nikisafishwa kidonda cha mguu. Mguu wenyewe umechoka, umezunguka sana milima hii wakati natengeneza mashine za kumenyea kahawa nyumba kwa nyumba. Siku moja nikamwambia, "Mwanangu, wewe unajua kusubiri kunavyouma."

Akacheka. "Babu, na wewe ulibeba majani. Umesahau?"

Sikusahau. Ilikuwa mwaka tisini na sita. Mengine niliyaona mwenyewe, mengine nimesimuliwa na wahusika, kila mmoja kwa namna yake, nami nayaandika kama nilivyoyapata.

Loveness alilelewa na bibi yake, Bibi Eliona, baada ya mama yake kufariki. Alimaliza kidato cha nne, matokeo yakatoka, si ya kujivunia wala si ya kuficha. Akaomba nafasi chuo cha uuguzi, kule Dodoma. Chuo kimoja tu. Kama hao wangemkataa, basi angebaki kihambani, shamba la ukoo, kukata majani ya ng'ombe. Anuani aliyoandika ilikuwa ya karakana ya magari mjini Moshi, alikofanya kazi baba yake mdogo, Jackson. Barua ikifika, Jackson angepanda nayo.

Ukaingia mwezi wa tano, kimya. Jirani yao Evelyn akapata barua yake ya ualimu, akapita nayo njiani akiishika kama mtu aliyebeba keki. Loveness akampongeza vizuri kabisa, kisha akaenda nyuma ya banda la ng'ombe kutapika. Tangu siku hiyo chakula kikawa hakishuki. Mtori, supu ya ndizi aliyokuwa anaipenda, alikuwa anauzungusha kwenye bakuli mpaka unapoa. Akisikia tu gari linapanda kilima, moyo unamwenda mbio, anashika kifua kama mtu aliyekimbia.

Kilichomuumiza zaidi ni watu. Huku kwetu huwezi kupita njiani bila kusalimiwa, na salamu ya mwezi ule ilikuwa moja tu. Shikamoo haijaitikiwa, mtu anauliza, "Barua bado?" Walimpenda, ndiyo maana waliuliza. Lakini akiulizwa mara kumi kabla ya kufika bombani, anarudi na ndoo tupu.

Bibi Eliona akatunga sheria. Wanawake wa huku hushuka tambarare kukata majani, wanapanda nayo kichwani, na mlima unaujua. Bibi akatangaza bombani, dukani na kwa kwaya: atakayemuuliza Loveness habari za barua atabeba mzigo wa majani mpaka bandani kwake. Mtu mzima, mtoto, hata mwinjilisti.

Mimi sikuwa na habari. Nilikuwa napanda na mfuko wangu wa spana, nikawakuta njiani, bibi na mjukuu, kila mmoja na mzigo.

"Shikamoo, babu," Loveness akasema.

"Marahaba, mwanangu. Enhe, chuo wamejibu?"

Bibi akasimama. Akatua mzigo wake taratibu, akanitazama kuanzia kofia mpaka viatu.

"Fundi, inama."

"Niiname kwa nini, mama?"

"Umeuliza. Inama nikutwike."

Nikatwikwa. Maji ya majani yalinishuka shingoni mpaka kiunoni, na kila tuliyekutana naye alijua kosa langu. "Pole, fundi, na wewe umeuliza?" Nyuma yangu nikamsikia Loveness anacheka, mara ya kwanza baada ya siku nyingi, bibi yake akaniambia baadaye. Kwa hiyo mzigo ule siujutii. Baada ya hapo wakatokea na watu wanaouliza makusudi. Mzee mmoja wa kanisa aliuliza mara mbili kwa siku moja, akasema mgongo unahitaji mazoezi.

Sasa nije kwenye kosa lenyewe.

Jumamosi moja mwanzoni mwa mwezi wa sita, Jackson alipanda kutoka mjini na barua mfukoni. Imefika! Alitaka kumkabidhi Loveness kesho yake mbele ya usharika mzima, watu washangilie. Lakini Jackson ni msahaulifu, naye anajijua. Akaona kikapu ambacho mke wake, Martha, alikuwa ameandaa kupeleka kanisani, kimetandikwa majani makavu ya migomba. Akaichomeka bahasha chini ya majani, ili iende kanisani hata kama yeye atasahau. Alfajiri Martha akapanga mayai yake kumi na mawili juu ya majani yale, akakibeba. Mpaka leo Jackson anaapa alimwambia kuhusu barua. Martha anaapa hakuambiwa. Siwezi kuamua mambo ya nyumba ya watu.

Walutheri tunatoa sadaka ya mazao. Unaleta ulichonacho, ndizi, maziwa, parachichi, kinawekwa mbele ya madhabahu, na ibada ikiisha tunatoka nje kwenye mnada. Jumapili ile, mnada ulipokuwa unaanza, dereva alikuja kumwita Jackson kwa ajili ya lori lililoharibikia barabarani. Akaondoka haraka, akijua moyoni kwamba Martha atatoa barua.

Vijana wa kwaya ndio wanaozungusha bidhaa watu wazione. Na aliyepewa kikapu cha Martha alikuwa Loveness. Akakiinua juu, akapita nacho kati ya watu, "Mayai ya kienyeji, jogoo yupo!" Mtu wa kwanza akanunua, akayarudisha yauzwe tena, ndivyo tunavyofanya tukifurahi. Wa pili naye akarudisha. Mara tatu msichana yule alizunguka na barua yake mikononi. Wa tatu akayachukua kabisa: Mzee Ebenezeri, mgane anayekaa peke yake juu karibu na msitu. Alikuwa na kuku anayetaka kuatamia, akaona mayai mazuri. Akafika nyumbani, akaweka kikapu pembeni mwa jiko, akampandisha kuku juu yake vilevile, bila kugusa kitu.

Kikapu cha mnada hurudishwa Jumapili inayofuata. Hicho hakikurudi. Martha alilalamika nyumbani kwake kila siku, kikapu changu, kikapu changu, lakini kwenda kukidai hakuthubutu. Kitu kilichopita madhabahuni unakidaije? Angeonekana anaionea uchungu sadaka yake. Kwa adabu hiyo tu, barua ikalala chini ya kuku majuma matatu.

Na Loveness akazidi kukonda. Alitaka kushuka mjini kumuuliza Jackson, bibi akamzuia: "Ingekuja angeileta." Akamwambia pia, "Hofu yako siwezi kukuondolea. Lakini mikono yako naweza kuipa kazi." Basi akampa kazi, moja baada ya nyingine, na jioni wanahesabu: leo tumepalilia mistari minne, leo ndama amekunywa mwenyewe. Barua haikutajwa katika hesabu hiyo. Loveness ananiambia siku nyingine ilimsaidia, siku nyingine haikumsaidia hata kidogo, akalia huku anapalilia.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi Jackson akapanda tena, mara ya kwanza tangu mnada ule. Nilikuwa uwanjani kwa Bibi Eliona, nimefungua mashine yake, msimu wa kahawa unakaribia. Jackson akaingia anatabasamu.

"Enhe, wamesemaje?"

"Inama!" bibi akasema.

"Niiname nini, mama? Nauliza barua niliyoleta."

Loveness alikuwa na panga mkononi, likamponyoka.

"Uliyoleta lini?" akauliza polepole.

"Si ile niliyoweka kwenye kikapu cha Martha!"

Martha alikuwa anachuma mboga upande wa pili wa ua. Alipiga yowe, kisha akasema maneno mawili tu: "Mzee Ebenezeri."

Tukapanda wote, bibi akabaki kwa sababu ya magoti. Tulimkuta Mzee Ebenezeri amekaa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, kama mlinzi. Tukaeleza. Akasikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Kuku huyu haguswi. Leo ni siku ya ishirini. Mayai yameanza kulia."

"Mzee, mtoto anasubiri barua!" Jackson akasema.

"Na mimi nasubiri vifaranga. Majuma matatu sijatoka hapa. Kanisani sijaenda, mnaniona?"

Jackson akajaribu kupitisha mkono, kuku akamdonoa mpaka damu. Loveness akapiga magoti.

"Babu, niruhusu mimi. Nikimshtua, nitaondoka bila barua."

Mzee akamtazama mifupa ya mabega, nadhani, akasogeza kigoda. Loveness hakuharakisha. Aliweka mkono karibu na kuku, akauacha hapo, kuku akaunguruma, akanyamaza. Kisha vidole vikaingia chini ya mbawa, chini ya mayai yenye joto, chini ya majani. Yai moja, anasema, lilikuwa linagonga kwenye kiganja chake. Akatoka na bahasha, imelainika, ina doa la kinyesi na alama za mviringo za mayai.

Kuifungua hakuweza. Akampa Jackson, Jackson akaogopa kuichafua kwa damu. Ikaishia kwa Mzee Ebenezeri, akavaa miwani, akaanza kusoma kama anavyosoma neno la Mungu, kuanzia juu kabisa.

"Sanduku la Posta..."

"Ruka hapo, mzee!" Martha akasema.

"Siruki. Simu... hii imefutika. Kumbukumbu namba..."

"Babu, nakuomba," Loveness akasema.

"Yahusu: kuchaguliwa kujiunga na chuo."

Alirudia hilo mara mbili, maana hatukumwamini. Kisha akaendelea, sauti ikabadilika. Aripoti Jumatatu tarehe moja, kabla ya saa kumi. Asiyefika, nafasi yake atapewa mwingine. Jumatatu ndiyo keshokutwa.

Sijaona mlima ukishukwa mbio kama siku ile. Kabla jua halijazama kila mtu alikuwa ameleta kitu. Evelyn alileta shuka zake mpya za chuoni. Mzee wa kanisa yule wa mazoezi ya mgongo alileta sanduku la bati, amelibeba kichwani mwenyewe. Mimi nilitengeneza kufuli lake. Martha alitoa kitenge, na Jackson akasema atamsindikiza mpaka mlangoni pa chuo, na barua ataishika Loveness mwenyewe.

Ninaposikia watu wakisema huku kwetu mambo yameharibika, kila mtu na lake, namkumbuka bibi yule akipokea vitu mlangoni, akimshukuru kila mmoja kwa jina. Nashukuru kwamba nilikuwepo.

Jumatatu saa nane mchana Loveness alifika mbele ya karani wa chuo. Karani akaishika barua kwa ncha za vidole, akainusa.

"Binti, hii imepitia wapi?"

Loveness akamweleza yote, tangu kikapu mpaka kuku, na wasichana waliokuwa kwenye foleni nyuma yake wakasogea kusikiliza. Karani akacheka mpaka akavua miwani, kisha akaandika jina lake kwenye daftari, taratibu, kwa herufi kubwa.

"Karibu. Subiri nje utaonyeshwa bweni."

Akatoka, akakaa juu ya sanduku lake kivulini, akalala hapohapo mchana kweupe, mpaka wenzake walipomtikisa bega kumwita chakula.