Boti ya marehemu baba ilivyowekwa eda hapa Kalemie

Wakuu, poleni na majukumu popote mlipo. Mimi ni mwenzenu wa ng'ambo ya pili ya ziwa, Kalemie, upande wa Kongo. Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu. Kiswahili cha kuandika nilijifunzia Kigoma nilipokaa kwa shangazi, kwa hiyo nikiteleza mnivumilie.

Nitakayoyaeleza yametokea nyumbani kwetu. Mengi niliyaona kwa macho yangu. Yale ambayo sikuyaona nitawataja walionieleza, na siongezi chumvi, maana jambo lenyewe limeshakuwa chungu vya kutosha.

Anayetafuta uzi wa kucheka, huu apite tu.

Sisi ni familia ya Kiislamu, mababu zetu walifika huku kwa biashara ya ziwa. Baba alikuwa mvuvi wa ndoano, anavua mchana, samaki aina ya kuhe na sangala. Boti yake ndogo ya mbao iliundwa kabla mimi sijazaliwa. Imebadilishwa mbao mara nyingi mpaka sisi watoto tulikuwa tunamtania kwamba kilichobaki cha zamani ni jina tu. Alikuwa hapendi utani huo hata kidogo.

Tuko wawili wa kiume. Mimi mkubwa, nafanya kazi ya kuchomelea vyuma karibu na gare, yaani stesheni ya treni. Mdogo wangu Idi ndiye aliyefuata ziwa. Toka utoto alikuwa nyuma ya baba, na mkewe Mwajuma ndiye aliyekuwa anauza samaki wao sokoni. Nyumba nzima, mama akiwemo, ilikuwa inakula kupitia ile boti.

Baba alifariki kwa maradhi ya kifua, kitandani kwake. Mungu amrehemu.

Sasa hapa ndipo penye habari.

Kwenye mwalo wetu, pale ufukweni boti zinapoegeshwa, kuna desturi. Sijui kama iko miji mingine, na hata hapa Kalemie kuna mialo hawaifuati. Mwenye boti akifa, boti inavutwa nchi kavu na kupinduliwa. Haigusi maji mpaka mjane atoke eda. Watu wanasema boti nayo imefiwa, iko eda. Siku mjane anatoka, anaoga, anakwenda kuigusa kwa mkono, inasukumwa majini, na samaki wa kwanza wa siku hiyo ndiye anayeingia kwenye sufuria ya kutolea eda.

Ukiisikia ni desturi nzuri. Mimi mwenyewe siku ya kuipindua nililia kuliko nilivyolia makaburini.

Tatizo ni kwamba baba alifariki mvua zikiwa zinaisha. Eda yote ya mama, miezi minne na siku kumi, iliangukia kiangazi.

Kwa wale ambao hawajui boti za mbao, nieleze kidogo. Mbao ikikaa juani inasinyaa, nafasi kati ya ubao na ubao zinafunguka. Ikirudi majini inavimba, inajifunga yenyewe. Ndiyo maana baba kila akiitoa boti kwa matengenezo, kabla ya kwenda nayo kazini alikuwa anaizamisha makusudi pale maji yanapofika magotini. Anaweka mawe ndani, anaiacha inywe maji mpaka ishibe. Baada ya hapo ndipo anapiga kalafati, yaani pamba iliyolowekwa mafuta ya mawese, anaigonga taratibu kwenye sehemu chache zilizobaki kuvuja.

Ukigonga pamba nyingi mbao ikiwa kavu, unajitafutia balaa. Mbao itavimba na haina pa kwenda. Itasukumana, misumari ya zamani itang'oka.

Hayo Idi aliyajua kuliko mimi, alifundishwa na baba mwenyewe.

Nilikuwa napita mwaloni nikitoka kazini. Kila nikipita naona zile nafasi zimeongezeka, mwisho kidole changu kilikuwa kinaingia. Ubao wa chini, ule unaopakana na mkuku, yaani uti wa boti, ulianza kupasuka kwenye misumari. Roho iliniuma. Nikamwendea mwalimu wa madrasa yetu kumuuliza. Alicheka, akasema eda ni ya mke, mbao haina eda, nendeni mkaloweshe boti yenu.

Nikampelekea Idi jibu hilo. Akaniambia, "Mwalimu anajua kitabu, mambo ya mwalo hayajui."

Basi alasiri moja nilichukua ndoo, nikaanza kuteka maji na kuimwagia. Mchana kweupe, sikujificha. Nilitaka hata ipate unyevu tu.

Idi alikuja anakimbia. Aliipiga ndoo teke ikaenda mbali.

"Unataka watu waseme tumechoka kulia baba?"

"Idi, ile mbao iko inakufa."

"Iache ikufe! Baba alikufa, boti njo nini?" ("Njo" ni "ndiyo" ya huku kwetu.)

Watu walikuwa wamejaa, wanatazama. Niliokota ndoo yangu nikaondoka. Toka siku hiyo tukawa tunasalimiana tu, kama majirani.

Mkuu aliyeuliza hapo juu kwa nini sikumlazimisha kwa kuwa mimi ni mkubwa: ndugu yangu, boti ilikuwa ya kazi yake. Mimi ni mtu wa vyuma. Ukubwa wa kuzaliwa kwenye mambo ya ziwa haukusaidii kitu. Na nikuambie ukweli, Idi hakuwa mjinga. Alikuwa mtu aliyempenda baba yake kupita kiasi, na mapenzi yale hayakuwa na pa kwenda isipokuwa kwenye ile desturi.

Siku za eda zikakaribia kwisha. Idi alitakiwa alete samaki wa sufuria ya mama siku ileile, kwa hiyo nafasi ya kuizamisha boti na kuisubiri ishibe haikuwepo. Kuizamisha kabla ni kuvunja eda. Kuizamisha baada ni mama kutoka eda bila samaki wa boti ya mumewe.

Akachagua njia ya tatu. Aliijaza pamba ikiwa kavu vilevile. Wenzake pale wakawa wanamwambia ongeza, bado naona mwanga, naye anaongeza na kugonga kwa nyundo. Halafu akaipaka rangi mpya ya kijani. Wakuu, ilipendeza. Mtu asiyejua angesema imeundwa jana.

Papa Kisimba, mzee aliyevua na baba miaka mingi na ambaye ndiye angeenda na Idi, alinieleza baadaye kwamba aliona na alitaka kusema. Akaona atasema nini mbele ya mtoto wa marehemu.

Asubuhi ya kutoka eda mama alioga, akavaa, akatoka mlangoni kwa mara ya kwanza. Jua lilimwumiza macho. Tulikwenda naye mwaloni taratibu. Aliweka mkono kwenye ubao wa mbele, akasoma dua, vijana wakasukuma.

Boti ilielea vizuri kabisa. Watu walipiga vigelegele. Nami nilijiambia labda nimekuwa mwoga bure.

Nilitaka niende nao. Idi akakataa, akasema nibaki na wageni. Kisha mashine ilipowaka akageuka, akaniambia, "Uwaambie wasipakue mbele nirudi," yaani kabla hajarudi. Alikuwa anatabasamu. Ilikuwa ni mara ya kwanza toka ile ndoo.

Nimeishia hapo kidogo kwenda kuswali. Naendelea.

Sehemu hii sikuiona. Nasimulia kama nilivyoambiwa na Papa Kisimba.

Anasema walifika kwenye maji ya kuhe bila shida. Boti kavu, hata tone la maji hakuna. Walitega, wakapata samaki wazuri, Idi akawa anasema huyu ndiye wa mama, huyu wa mwalimu. Upepo wa mchana ukaanza kuinua mawimbi, wakaamua kurudi.

Njiani walianza kusikia mbao zikilia. Papa Kisimba anasema ni sauti aliyowahi kuisikia, akajua. Mbao zilikuwa zimeanza kuvimba na pamba imezibana. Alimwambia Idi apunguze mwendo, akapunguza. Lakini ule ubao wa chini ulikuwa umeshapasuka kwenye misumari. Wimbi moja liliwapiga, ubao ukachomoka upande mmoja, maji yakaingia kwa nguvu.

Walichota maji mpaka mikono ikaisha nguvu. Boti ikajaa, ikalala, ikageuka. Haikuzama yote kwa sababu ni mbao, ila ilikuwa inabingirika, kuishika ni shida.

Papa Kisimba hajui kuogelea. Wavuvi wengi wa huku hawajui, mtashangaa lakini ndivyo ilivyo. Idi alikuwa anajua sana. Bidoni yao, yaani dumu tupu la mafuta, ilikuwa imeshachukuliwa na upepo, inakwenda. Idi akamwambia mzee ashike ncha ya boti, akaifuata ile bidoni. Aliipata. Akarudi nayo dhidi ya mawimbi, akamfunga mzee nayo kifuani kwa kamba ya ndoano.

Mzee anasema Idi alikuwa anahema vibaya. Akashika ubavu wa boti ili apumzike. Boti ikabingirika, wimbi likawatenganisha. Aliliona shati lake mara mbili. Baada ya hapo hakuliona tena.

Huku nyumbani wageni walikuwa wanasubiri. Hakuna aliyepakua.

Boti ya watu wengine ndiyo iliyomwokota Papa Kisimba na kuivuta ya kwetu mpaka mwaloni. Idi walimpata kesho yake, wavuvi wa mwalo wa jirani. Tukamzika siku hiyohiyo, karibu na baba.

Kwa hiyo mama ametoka eda asubuhi, na kabla mwili haujapatikana Mwajuma alikuwa ameshaanza kulia chumbani. Alipozikwa mumewe, akaingia eda yeye. Ana mtoto mdogo mgongoni.

Tukitoka makaburini, wanaume walipitia mwaloni. Boti yetu ilikuwa pale inaelea nusu, imejaa maji. Mkubwa wa mwalo akawaambia vijana waivute nchi kavu, waipindue. Mwenye boti amekufa, mjane yuko ndani, boti nayo iingie eda.

Na hapo ndipo nilipoanza kusikia minong'ono. Wanasema eda ya kwanza ilivunjwa. Kuna mtu alimwaga maji. Marehemu hakufurahi, akamchukua mwanawe.

Walikuwa hawanitazami. Lakini walijua nasikia. Nilisimama pale na vumbi la kaburi la mdogo wangu kwenye miguu, naambiwa nimemuua kwa ndoo ya maji. Nilitaka kupigana na mtu, yeyote tu.

Vijana walikuwa wameshashika kamba. Ghafla wakaiachia, wanatazama nyuma yangu.

Mama alikuwa anashuka kwenye mchanga. Mwanamke aliyezika mwanawe saa ileile hatoki nyumbani, wote mnajua. Alitoka. Alipita katikati ya wanaume bila kumsalimu mtu, akaingia majini na nguo zake mpaka magotini, akasimama kando ya boti.

"Nani alifiwa?" akauliza.

Akaweka mkono juu ya ubao uliolowa.

"Mimi njo nilifiwa bwana. Mimi njo nilikaa eda. Ile mbao ilifiwa nani?"

Mkubwa wa mwalo akasema kwa upole, "Mama, njo heshima ya marehemu."

"Heshima ilinikulia mutoto." Hakupaza sauti. "Nilikuwa mu chumba. Watu waliniambia ndugu wawili waligombana kule mwaloni juu ya ndoo. Nilinyamaza juu nilifikiri njo heshima. Kama ile ndoo ingeachwa, Idi angekuwa hapa. Sasa muntu mwenye kutaka kuitoa mu maji, anitoe mimi kwanza."

Kamba ikabaki palepale kwenye mchanga. Mmoja baada ya mwingine walianza kuondoka. Papa Kisimba, na blanketi lake mabegani, akaingia majini akasimama karibu na mama. Nami nikaenda. Tulilia pale watatu, na hakuna aliyekuja kutunyamazisha.

Boti iliachwa imezama pale magotini, mawe ndani, kama alivyokuwa akifanya baba. Iliposhiba, mimi na Papa Kisimba tukaitoa pamba yote ya Idi. Kazi ile ilinishinda mara kadhaa, maana kila nilipochomoa naona alama za nyundo yake. Tulibadilisha ubao wa chini, tukairudisha ilowe tena, tukapiga kalafati kidogo tu panapovuja. Sasa Papa Kisimba anaenda nayo ziwani na kijana wa mtaani. Anavaa jaketi la kuokolea, nimemnunulia kwa lazima.

Funzo langu, wakuu, si kwamba desturi ni mbaya. Mama alikaa eda yake yote na hajutii hata siku moja. Ninachosema ni kwamba huzuni ni ya watu. Ukimpenda marehemu, kitunze alichokuwa anakitunza kwa namna aliyokuwa anakitunza. Na wenye boti za mbao: msikimbize mbao kavu ziwani kwa sababu kuna wageni nyumbani. Wageni watakula hata maharage.

Kuna watakaokuja hapa kusema ni uchawi, ni mizimu. Karibuni, ila naomba msome tena sehemu ya misumari kwanza.

Wengine wa Kigoma, Rukwa, Moba, Uvira, hata wa maziwa mengine, naombeni mniambie. Kwenu mwenye boti akifa, boti mnaifanya nini? Kuna mialo iliyoacha mambo haya, na waliacha vipi bila kugombana? Nauliza kwa sababu hapa kwetu wazee bado hawajakubali, wamenyamaza tu kwa ajili ya mama.

Mwajuma bado yuko ndani. Jioni nikipita uani kumjulia hali, nasimama nje ya mlango na kutoa salamu. Haitikii kwanza. Anauliza, "Boti iko mu maji?" Namwambia iko mu maji, shemeji. Ndipo anaitikia.