Mjomba Aliyesema Hanijui

Harufu ya kwanza ninayoikumbuka maishani ni ya breki za malori zilizopata moto. Makambako tulipanga chumba nyuma ya maegesho, pale barabara ya kwenda Njombe na Songea inapoachana na ile ya Mbeya, na kutwa nzima malori yaliingia yakihema, breki zikinuka kama nywele zilizounguzwa. Upepo wa Makambako hauna adabu. Uliibeba harufu ile, ukaichanganya na vumbi na moshi wa jiko la mama, ukaileta mpaka kitandani. Mama alikuwa akiwauzia madereva chai na chapati. Baba yangu alikuwa mmoja wao, Msomali mzaliwa wa Tanga aliyeendesha lori la mafuta. Alipita, akarudi, akapita tena, kisha akaacha kupita. Sura yake siikumbuki. Aliniachia urefu, nywele za singa, pua nyembamba, na jina la Sahra ambalo walimu wote waliliandika Zahara, mpaka nikachoka kuwasahihisha.

Makambako ni mji wa wapita njia, na ungedhani watu wake wamezoea kila aina ya uso. Wangu hawakuuzoea. Mama ni Mbena, binti wa familia ya Kikatoliki inayoishi karibu na misheni nje kidogo ya Njombe, na tukiwa ndani hakuzungumza nami lugha nyingine ila Kibena. Watoto wa jirani walinisikia nikikiongea kama wao, lakini tukikutana njiani waliniita Msomali. Wakubwa walikuwa na maneno yao. Mama mmoja mwenye genge, kila nilipotumwa nyanya, aliniuliza nitarudi kwetu lini. Mwingine alimkataza binti yake kucheza nami kwa sababu, alisema, watoto wa madereva wana mikosi. Mimi sikuwa mtoto wa kwenda kulia chini ya blanketi. Nilipigana. Nilipigana bombani, nilipigana foleni ya uji, nilipigana na wavulana walionizidi umri, na mama aliniosha damu puani bila kuuliza nani alianza, maana jibu alikuwa nalo.

Mwaka ninaotaka kuusimulia nilikuwa darasa la sita. Shule yetu ilianzisha timu ya wasichana, nami nikajiunga, lakini hakuna aliyenipa pasi. Nilikimbia uwanja mzima mchana wa jua na upepo bila kuugusa mpira. Hatimaye nahodha wetu, msichana aitwaye Neema, akaniambia, "Wewe mrefu, nenda golini. Ukitoka huko hatukuchezeshi tena." Golini palikuwa mahali pa adhabu. Goli la upande wa barabara lilipokea upepo wote wenye mchanga, na nyuma yake walikaa vijana wasio na kazi, wakila miwa na kututukana. Lakini mpira wa kwanza niliodaka uliniumiza kifua, nikaukumbatia, nikainua macho nikaona kila mtu amesimama. Wale waliokuwa hawanipi pasi walikuwa wakitazama mikono yangu, wakingoja niamue. Sikuwa na haraka. Tangu siku ile sikutaka kucheza namba nyingine. Mwalimu Tumsifu, mama wa Hisabati aliyesimamia pia michezo yetu, aliniona nikibaki kuurusha mpira ukutani baada ya wenzangu kuondoka, akanitafutia glovu za mafundi ujenzi. Zilinipwaya, lakini niliringa nazo.

Mwezi wa sita timu za shule zilikusanyika Njombe ili mkoa uchague wachezaji wake. Wanaoijua Njombe ya mwezi huo wanajua baridi yake, asubuhi majani yakiwa meupe kwa sakitu na midomo ikipasuka kabla hujasema neno. Tulilala madarasani, tukaoga maji yaliyotia ganzi vidole. Tulishinda mechi zetu za mwanzo, nami sikufungwa hata bao moja. Siku ya kukutana na timu ya Njombe, tukiwa tumeshavaa jezi, Mwalimu Tumsifu aliitwa pembeni. Alirudi uso umembadilika. Timu ya Njombe imekata rufaa, akasema. Wanadai kipa wa Makambako ni mamluki, mtu mzima aliyeokotwa kwenye malori, na kwamba si mwanafunzi wala si Mtanzania.

Tuliingia kwenye chumba cha darasa. Nyuma ya meza walikaa walimu kadhaa na mwenyekiti wao, mzee aliyevaa kofia ya sufu. Aliyekata rufaa alisimama dirishani, mikono mfukoni. Alikuwa mwalimu wa michezo wa Njombe, Mwalimu Osmundi. Nilimtazama nikaliona paji la uso la mama yangu, na ule mkunjo wa mdomo ambao mama huuweka akiwa na neno asilotaka kulisema. Nilijua kwamba mama ana kaka mwalimu. Sikuwa nimewahi kumwona.

"Wewe ni kabila gani?" mwenyekiti aliniuliza.

"Mbena."

Wakacheka. "Haya, zungumza Kibena tusikie."

Nikamwamkia, "Kamwene," nikaendelea kwa Kibena, nikamtajia babu yangu mzaa mama, bibi yangu, na kijiji chao. Kicheko kikakatika. Mwenyekiti akamgeukia yule mtu wa dirishani.

"Mwalimu Osmundi, hao aliowataja si wazazi wako?"

"Kibena hata Wakinga wanajifunza sokoni," akajibu. "Na mtoto anaweza kukaririshwa majina. Mimi huyu simjui."

Mama alikuwa amekuja kwa basi la asubuhi kunitazama nikicheza. Mwalimu Tumsifu akamfuata uwanjani. Mama aliingia amejifunga kitenge juu ya sweta, akawaamkia waliokaa, kisha akamgeukia yule wa dirishani peke yake. "Shikamoo, kaka."

Hakuitikia. Nilikuwa mdogo, lakini nilijua uzito wa shikamoo isiyoitikiwa mbele za watu. Mwenyekiti akakohoa. "Mwalimu, unaamkiwa."

"Mama huyu simfahamu."

Nilidhani mama atalia. Hakulia. "Basi," alisema. "Sikuja hapa kuomba ndugu. Huyu ni mtoto wangu. Nimemzaa hospitali hapo juu, na aliyenipeleka kwa pikipiki nikiwa na uchungu ni huyo hapo dirishani. Kama hanijui, muulizeni siku ile alikuwa amembeba nani."

Hakuna aliyemuuliza. Hakukuwa na haja. Yaliyobaki mama alinisimulia baadaye. Mjomba alikuwa ameamini kwamba ujauzito ule ni wa kijana wa pale kijijini, na alikuwa tayari kumbana kijana huyo aoe. Alimkimbiza dada yake hospitali, akangoja nje na kikapu cha nguo. Nesi alipomwita aje aone mtoto, aliziona nywele zangu, akaweka kikapu sakafuni, akamwambia mama asirudi nyumbani na kitu kile. Kitu. Ndilo neno la kwanza nililoitwa na ndugu yangu duniani, nikiwa bado sijafungua macho vizuri.

Mwenyekiti alinong'ona na wenzake kisha akasema, "Mtoto acheze. Walimu wake wamemthibitisha. Haya mengine mtayamalizia nyumbani." Hatukuwa na nyumba ya kuyamalizia.

Habari ilifika uwanjani kabla yetu. Nyuma ya goli langu palikuwa pamejaa watu, wengine na vikombe vya ulanzi mkononi, pombe ile ya mianzi inayowalegeza watu ulimi. Waliniambia nirudi Mogadishu. Walimwimbia mama yangu wimbo ambao siwezi kuuandika hapa. Viazi vilivyooza vilinipata mgongoni, na mwamuzi alipoona akaangalia kwingine. Kutoka pembeni mwa uwanja nilimsikia mjomba akiwaelekeza wasichana wake kwa sauti ya mtu anayefundisha darasani. "Msihangaike na mpira. Mfuateni kipa." Walitii. Kwenye mpira wa kona, mmoja wao alinikanyaga mkono nikiwa nimelala juu ya mpira, na kidole kidogo cha mkono wa kushoto kikaenda upande kisikopaswa kwenda. Mwalimu Tumsifu alikifunga kwa kipande cha khanga yake, akaniuliza kama nitoke. Nilikataa. Nilikuwa nimejazwa chuki kama puto, na niliogopa kwamba nikitoka itaniishia.

Tulifungwa bao moja, dakika za mwisho, nikiwa nimesukumwa na watu wawili. Ningependa kusema tulishinda. Hatukushinda. Lakini jioni wateuzi waliposoma majina ya timu ya mkoa, kipa wa kwanza nilikuwa mimi, na aliyekabidhiwa timu hiyo kuifundisha kambini alikuwa Mwalimu Osmundi.

Mama alinipa nafasi ya kukataa. "Tukipanda basi leo, hakuna atakayekulaumu." Nilimwambia nabaki. Sikubaki kwa ajili ya mkoa. Nilibaki ili kila asubuhi mjomba anione.

Kambi ile niliimaliza bila kuitwa jina. Aliniita "kipa", au alinipigia filimbi. Wenzangu walipopumzika kwa chai yeye alinipangia mipira, akanipigia mashuti ya karibu, na nyasi zilikuwa za baridi kiasi kwamba kila nilipoanguka nilihisi ngozi imechanika. Nilipodaka hakusema kitu. Nilipokosa alisema, "Tena." Wasichana wa Njombe waliishi kwa kumwangalia yeye, hivyo wakanitenga mezani na bwenini. Kidole kilipona kikiwa kimepinda, na kimebaki hivyo. Nilijifunza mengi pale, hilo silikatai. Nilijifunza kusoma bega la mpigaji kabla ya mguu wake, kwa sababu bega la mjomba lilinionyesha mapema shuti analotaka liniumize. Waandishi wa habari za michezo niliowasimulia haya wamependa kuandika kwamba alikuwa akinikomaza, kwamba chini ya ukali ule ulikuwepo upendo wa mjomba. Wanataka habari iishe vizuri. Mimi nilikuwa pale golini. Nimeshafundishwa na makocha wakali wanaonipenda, na ninaijua tofauti.

Sasa nadakia klabu kubwa Dar es Salaam, baada ya misimu kadhaa nje ya nchi, na nimevaa jezi ya taifa. Nilipoitwa mara ya kwanza kwenye timu ya taifa kulikuwa na waliouliza redioni mimi ni wa wapi, na niliyajibu maswali kwa utulivu zaidi kuliko nilivyomjibu yule mwenyekiti mwenye kofia ya sufu. Mwaka huu klabu yetu ilikwenda Njombe kwa mechi ya kirafiki. Wenyeji walitundika kitambaa chenye picha yangu getini. Walinipa kitenge, walinipigia vigelegele, wakaniita binti wa Njombe na dada yetu. Nyuma ya goli watoto waliliita jina langu, na wengi walilitamka sawasawa. Nusu ya pili mpira uliolowa mvua ukaniteleza, ukaingia. Ilichukua muda wa kuvuta pumzi tu. "Msomali huyo," mtu mzima akapaza sauti kutoka jukwaani, na wachache wakacheka. Walikuwa wachache. Zamani ulikuwa uwanja mzima, na sitaki kudanganya kwamba tofauti hiyo si kitu. Ila nami sitawasaidia kuamini kwamba ni kubwa kuliko ilivyo.

Mechi ilipokwisha, Mwalimu Osmundi alikuwa akinisubiri kwenye njia ya kutokea. Amestaafu, mgongo umeinama. Nilishasikia kwamba huwaeleza watu kuwa yeye ndiye aliyenilea kisoka. Alikuwa na vijana wawili wenye simu tayari kupiga picha. Alipanua mikono. "Mpwa wangu," alisema, kwa sauti ya kusikika.

Mama alikuwa hatua chache nyuma yangu. Mjomba hakumwangalia.

"Shikamoo, mwalimu," nikasema.

"Marahaba, mama, marahaba." Mikono yake ilibaki hewani akingoja nikaribie. Nilimpita, nikamshika mama mkono, tukaelekea kwenye basi. Nyuma yetu nilimsikia akiwaambia wale vijana kwamba nimechoka na safari. Sikuwa nimechoka hata kidogo.